Sahani Nne Kichanjani

Mwanangu Wini,

Begi lako nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Kila kitu kimo. Kwa hiyo humu sitakuandikia habari ya neti, wala ya kuchemsha maji, wala ya wasichana wanaoazima nguo na kusahau kurudisha. Hayo nimeyasema tangu ukiwa mdogo, na kama hayajaingia mpaka leo, hayataingia kwa barua. Nataka nikuandikie lile jambo ambalo tumelizunguka wiki nzima, wewe ukitokea mlango wa mbele, mimi nikitokea wa uani, kama wapangaji wawili waliogombania kamba ya kuanikia nguo.

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Mkono wangu umezoea jembe, na leo tumepalilia miwa ya watu mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Ukiona herufi zinapanda na kushuka, usidhani ni hasira. Hasira ilikuwepo siku ile. Sasa imebaki hofu, na nitakuambia ni hofu ya nini.

Nianze na sahani.

Watoto wa darasa la saba walipohamia kulala shuleni kujiandaa na mtihani, Mwalimu Mkuu aliniomba nishike zamu ya jikoni. Sina mtoto kwenye darasa lile. Nilikubali kwa ajili yako, kwa sababu ulikuwa pale unajitolea kufundisha ukisubiri chuo, na nilipenda kusikia sauti yako ikitoka dirishani wakati nakoroga uji. Sitakuficha, nilikuwa natamba. Wenzangu wakiniita "mama mwalimu" nilikuwa nawaambia acheni hizo, huku mwiko nauzungusha kwa madaha.

Kila mtoto alikuja kambini na sahani yake, jina limeandikwa chini kwa rangi ya kucha. Baada ya siku chache nikawa nawajua kwa sahani kuliko kwa sura. Ya plastiki ya kijani ni ya yule anayekula makande kwa kutenga maharage pembeni. Ya bati la bluu, iliyobanduka ukingoni, ni ya Nashipai, binti wa wale wafugaji wa upande wa mtoni. Yeye hapokei chakula bila kuinamisha kichwa kwanza ili mkubwa amguse utosini, kama kwao wanavyosalimia. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mwanangu, mimi nina mwiko mkononi." Akacheka, akasubiri niuweke chini.

Jumatatu moja sahani nne zilibaki kichanjani. Nikadhani wenyewe wanaumwa. Jumanne zikabaki zile zile, ya bluu ikiwa juu. Nikamuuliza Mwalimu Tatu aliyekuwa anapita kuchukua chai. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Mama Wini, hilo muulize mwanao," akaondoka bila chai.

Jioni nilikukuta unapiga pasi.

"Wini, kina Nashipai wako wapi?"

"Wamepumzishwa."

"Na nani?"

"Mama, hayo ni mambo ya shule."

"Na mimi napika shule gani?"

Ukaisimamisha pasi, ukanieleza yote bila kuficha, na kwa hilo nakushukuru mpaka sasa. Kwamba Mwalimu Mkuu alipitia alama za mtihani wa majaribio akakuta wanne ambao wataivuta shule chini. Kwamba siku ya mtihani wenyewe watoto hao waumwe, wabaki nyumbani, watafanya mwakani wakiwa wameiva. Na kwamba alikutuma wewe kwa wazazi, kwa kuwa wewe ni mtoto wa hapa hapa, una heshima, ulimi wako ni laini. Ulikwenda nyumba zote nne.

"Na wewe ukaona ni sawa?"

"Mama, tukishika mkia tena kwenye kata tunaletewa ile bendera nyeusi. Watoto wanne hawawezi kuwaangusha wenzao wote."

"Kwani hao wanne ni wa shule gani?"

Hapo ndipo uliposema. "Mama, wewe na mitihani wapi na wapi. Ulifeli darasa la saba. Utaelewa nini habari ya wastani?"

Mara ile ile ukashika mdomo. Nilikuona. Nami nikachukua ndoo nikatoka kwenda bombani, na ndoo ilikuwa imejaa maji.

Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu ni refu. Ndilo hili.

Ni kweli nilifeli. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, langu halikuwepo. Lakini hukuwahi kuniuliza nilifelije, na mimi sikuwahi kutaka uulize.

Babu yako unamjua kwa vitunguu na kwa kanisani. Kule Malolo majaruba yake yalikuwa yananyweshwa kwa zamu, na siku ya zamu yetu ya maji mtu mmoja alikuwa anafungua mfereji, mwingine anakimbilia chini kuangalia maji yamefika wapi. Wiki ya mtihani alinichukua mimi, wakati siku zote alikuwa anakwenda na mjomba wako. Alikuwa ameinama, anakata tope kwa jembe, hanitazami.

"Mtihani umekaribia," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwalimu wako ananiambia una kichwa."

Kusifiwa na baba lilikuwa jambo geni, sikujua linapokelewa kwa mkono gani.

"Sekondari iko mbali. Kaka yako yuko huko tayari, na wawili sitawaweza. Na ukichaguliwa nisikupeleke, mtendaji ananifunga. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi usinifunge."

Hayo tu. Hakulitaja neno kufeli hata mara moja. Akaziba mfereji kwa tope, akaukanyaga vizuri kwa kisigino, tukahamia jaruba lingine.

Wini, kukosea kwa makusudi ni kazi. Lazima kwanza ulijue jibu ndipo uweze kulikwepa. Swali la kwanza nililijua, nikaandika herufi ya jirani yake. La pili vile vile. Nilikuwa nikifika kwenye swali nisilolijua napumua, kwa sababu pale sikuwa na haja ya kudanganya. Nikaendelea hivyo mpaka kwenye hesabu, nikakutana na swali la kutafuta eneo la shamba. Urefu upo, upana upo. Nilikuwa nimeyapima majaruba ya baba kwa hatua tangu nikiwa na meno ya utoto. Lile lilinishinda kuliacha. Nikalikokotoa, nikaandika jibu lake, nikalipigia mistari miwili chini kama tulivyofundishwa. Nikajiambia, atakayesahihisha atashangaa. Atasema, huyu mtoto ameliwezaje hili na kushindwa yale mepesi? Atauliza.

Hakuna aliyeuliza. Simlaumu. Alikuwa na marundo ya karatasi, na karatasi haimwambii mtu kwamba mtoto aliyeiandika aliambiwa nini mferejini.

Majibu yalipotoka, bibi yako alilia jikoni akasingizia moshi. Baba alikwenda gulioni akarudi na doti ya kanga, akaniwekea kitandani. Ndiyo kanga niliyovaa nilipokuja huku Kidodi kwa shangazi kufanya vibarua vya miwa, na ndiyo niliyokubebea wewe mgongoni nilipokuzaa, mwenyewe bado msichana mdogo. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya zambarau. Sikuwahi kuipenda.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba ningefaulu. Nikiwa mkweli, sijui. Yako maswali ambayo sikuyajua kabisa. Yako mengine nilidhani nayajua, na labda nilipodhani nakosea nikapata, nilipodhani napata ningekosa. Huenda ningefeli kihalali. Mtu aliyefanya mtihani akafeli anajua alipoangukia, anaweza hata kupacheka na wenzake akiwa mtu mzima. Mimi sina pa kukuonyesha. Kila nikipewa fomu dirishani pa ofisi, kila nikikusikia wewe unasoma kitabu kwa sauti, najiuliza mimi ningekuwa nani, na swali linabaki limekaa hapo kama mgeni asiyeaga.

Hicho ndicho ulichokipeleka kwenye nyumba nne, mama, ukiwa umevaa sketi yako ya bluu iliyonyooshwa vizuri.

Usikunje karatasi. Sijakaa hapa kukuhukumu. Nimejiuliza sana umejifunza wapi kumwangalia mtoto ukaona nafasi yake darasani, na jibu limerudi nyumbani kwangu. Kila ulipofunga shule, neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Umekuwa wa ngapi. Hata begi hujalitua. Ulipokuwa wa kwanza niliimba, ulipokuwa wa tatu nilipakua ugali kimya, nawe ukala ukinichungulia kwa jicho la pembeni. Kuna siku ulikuja mbio na kikopo chenye pamba, ndani maharage yameota, unataka kunionyesha mzizi unavyojua kwenda chini hata ukiyageuza. Nikakuambia, "Kwanza nafasi." Ukasema, "Wa pili." Kile kikopo sikukiona tena. Mpaka leo sijui mzizi ulifanya nini ulipogeuzwa. Nilikuwa nakimbia aibu yangu kwa miguu yako, nikakuvisha haraka isiyokuwa yako.

Sisemi mitihani ifutwe. Mtihani ndio unaokupeleka chuoni kesho, na nilipopata habari kwamba umefaulu nilikaa chini katikati ya miwa nikalia, wenzangu wakadhani nimeng'atwa na nyoka. Wala Mwalimu Mkuu simwoni mtu mbaya. Nilikuwepo mwaka jana alipoletewa ile bendera. Watu walipiga makofi, wengine wakacheka, naye akaivingirisha akaitia kwenye salfeti kama mtu anayeficha kuku wa wizi, akapita nyuma ya madarasa. Anaogopa. Aliyeogopa akimtuma mwingine, hofu inasafiri na yule aliyetumwa.

Ila nataka nikuambie habari ya Mwalimu Tatu, yule ambaye wewe na wenzako wa kujitolea mlikuwa mnamwita Bibi Chaki mkidhani hasikii. Anasikia. Aliniambia, "Bora chaki, wengine wataitwa vumbi."

Siku moja baada ya ugomvi wetu alikuja jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi. Akakunja mkono, kidole gumba akakichomoza kati ya kidole cha shahada na cha kati, akaninyooshea usoni.

"Mama Wini, hii nini?"

"Ngumi, mwalimu."

"Umefeli. Kaa chini."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanihadithia Nashipai alivyoingia shule, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mwalimu Tatu alimuuliza mbili ukijumlisha na tatu ni ngapi. Mtoto akamwonyesha ngumi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaona ametukanwa, akamtoa nje akamsimamisha juani, uso umeelekea ukutani. Kesho yake akamuuliza tena, akapewa ngumi ile ile, safari hii na machozi.

"Nikasema huyu ana kiburi cha kwao," Mwalimu Tatu akaniambia. "Nikamsimamisha tena."

Halafu akaenda mnadani kununua kuku. Akamwona bibi yake Nashipai anauza mbuzi. Mnunuzi akamuuliza ni wangapi, bibi akakunja ngumi ile ile, kidole gumba kimechungulia. Mnunuzi akaitikia kwa kichwa, akatengewa mbuzi watano.

"Kwao ile ni tano, Mama Wini. Mtoto alikuwa ananijibu. Alinijibu sawasawa siku zote mbili, nami nikamwanika kama mtama. Nilisimama pale mnadani na kuku wangu, nikasikia aibu mpaka kwenye nyayo."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilirudi darasani nikamwita mbele. Nikamwambia, leo mwalimu ni wewe, nifundishe kuhesabu kwa mkono. Moja mpaka kumi. Sita ilinikataa kabisa, vidole vyangu vimekakamaa. Watoto wakanizomea. Nikawaambia zomeeni, ndiyo shule hii."

Nikamuuliza kama hili la sahani nne alilisema kwenye kikao cha walimu. Alilisema. Aliambiwa, "Mwalimu Tatu, wewe unastaafu, sisi tunabaki na bendera." Akanywa chai yake, akaongeza, "Na Nashipai anasoma taratibu, sikatai. Swali likiwa na maneno mengi linamchosha, na mtihani umejaa maneno. Anaweza kufeli. Lakini huyo mtoto mto ukijaa anapita juu kwenye daraja la reli aje shule, hata wakubwa wake wakimlaani. Acheni afeli mwenyewe."

Acheni afeli mwenyewe. Nimelitembeza neno hilo shambani siku nyingi.

Huko uendako watakufundisha kutunga maswali na kusahihisha, na utayaweza, una kichwa. Mimi siwezi kukufundisha kazi hiyo. Ninachokiona kutoka jikoni ni kidogo tu. Mwalimu Tatu alianza na kosa baya kuliko lako, wewe hujamwanika mtoto juani. Sidhani kama ana akili kuwazidi wenzake. Lakini alipokutana na kitu asichokijua alikirudia, akakubali kuzomewa na watoto wa darasa la kwanza na mvi zake kichwani. Nimewaona walimu wengi tangu nikiwa mdogo, na walioniogopesha ni wale waliokuwa wamemaliza kujifunza. Mbele yao mtoto asiyefanana na kitabu anaonekana kitabu kibovu.

Sasa hofu yangu.

Juzi nilikutana na mama yake Nashipai mashineni, tunasaga. Tukasalimiana, tukaulizana hali, mvua, ng'ombe, wewe. Akaniambia taratibu, macho yakiwa kwenye debe lake, "Mama Wini, mwanao ana maneno matamu. Tangu alipokuja, mume wangu analala vizuri. Mimi ndiyo silali."

"Kwa nini, mama?"

"Alikuwa anaogopa binti akichaguliwa ataenda kupanga chumba Mikumi peke yake, msichana, nani atamwangalia? Tulikuwa tunabishana, na mimi nilikuwa karibu kushinda. Halafu mwalimu mwenyewe anakuja nyumbani, anakunywa maziwa yetu, anasema mtoto asifanye. Nitasema nini tena? Mimi ni nani mbele ya mwalimu?"

"Si anasema atafanya mwakani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwakani atakuwa kwenye boma la watu, Mama Wini. Yuko mtu ameshaleta maneno ya posa. Mume wangu alimwambia asubiri kwanza tuone ya mtihani. Sasa hakuna cha kusubiri."

"Na Nashipai mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Anachunga. Jioni anachora chini kwa kijiti, mtu akija anafuta kwa mguu."

Baba yake simjui sana, na sidhani kama ni mtu mbaya kuliko wangu. Lakini mashine ilikuwa inanguruma pale na mimi nilikuwa namsikia babu yako anaziba mfereji.

Mtihani ni Jumatano. Wewe unaondoka kesho. Wale watatu wengine Mwalimu Tatu na mimi tumewapitia, wazazi wao ni watu tunaogombana nao kila siku kwa hiyo tunaelewana, na watoto wamesharudi kambini. Leo mchana nimepakua nikaona sahani tatu zimeondoka. Mwalimu Mkuu aliwaona wamekaa kwenye foleni ya chakula. Akasimama, akaingia ofisini, hakuwafukuza. Yeye pia, nadhani, alikuwa anatafuta mtu wa kumtangulia.

Imebaki ya bluu. Kwa kina Nashipai tulikwenda jana. Baba yake alitupokea kwa adabu zote, akatupa vigoda, akamsikiliza Mwalimu Tatu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Salamu yako naipokea, mama, umri wako nauheshimu. Lakini mwalimu aliyetumwa na shule alinipa neno la shule. Neno hilo likibadilika, aje mwenyewe alibadilishe." Tukageuka tukarudi. Njiani Mwalimu Tatu alisema, "Mtu huyu anafuata utaratibu kuliko ofisi nzima."

Umeona, mwanangu. Ulilolipeleka wewe haliwezi kufutwa na mpishi, wala na mwalimu wa chaki. Linamngoja aliyelileta.

Najua gharama yake. Ukipita mtoni alfajiri utaikosa gari ya kwanza ya Mikumi, na ukiikosa hiyo, basi la Morogoro halikungojei. Utafika chuoni umechelewa siku ya kupokelewa, uanze maisha yako kwa kukaripiwa. Mwalimu Mkuu anaweza kuchukia, na ndiye aliyekuandikia barua ya sifa. Na ukifika kwenye boma itakubidi useme mbele ya baba mtu, mbele ya wazee watakaokuwepo, kwamba siku ile ulikosea. Wewe tangu utoto hilo neno linakukwama kooni kama mfupa wa perege. Umelirithi kwangu.

Tena huenda ukaenda na asikubali. Huenda akakubali, Nashipai akafanya, akafeli. Siwezi kukuahidi hata kidogo kwamba itaishia vizuri. Ninachojua ni kwamba atajua.

Sikulazimishi. Mimi mferejini sikuulizwa. Wewe nakuuliza.

Barua hii naitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu wewe unaweza kusahau kila kitu, viatu huwezi kuvisahau. Alfajiri utanikuta nimesimama mlango wa mbele, ule wa kwako, sahani ya bluu iko kwapani. Ukielekea stendi nitakushika utosini nikuombee safari njema, sitanuna, sitasema neno, nami nitashika njia ya mtoni nikajaribu tena. Ukielekea mtoni tutafuatana.

Kwa vyovyote vile begi nitalibeba mimi, mpaka pale njia zinapoachana.

Mama yako